Taarifa ya mwaka ya mwenyekiti: hizi harufu kwenye pombe zetu

Ndugu wanachama, wakubwa shikamooni, wengine habari za siku. Ya hela mhazini keshayatuma kwenye grupu, ada wengi mmelipa na ambao bado mnajijua, kwahiyo hapo sikai. Mwaka huu naongelea harufu, manake ndo kitu mlichonipigia simu kuliko kingine chochote, na kwa maoni yangu tunamwaga pombe nyingi kwa kutafuta kosa kwenye chupa wakati kosa lilishafanyika kwenye ndoo ya kuchachushia.

Kwa mliojiunga juzijuzi: hapa New Zealand kupika pombe kali nyumbani kwa matumizi yako ni halali tangu 1996. Kuuza HAPANA, hata chupa moja kwa jirani. Nyumbani Tanzania gongo ni kesi, huku tumeruhusiwa, naombeni sana tusiiharibu hii nafasi.

Inayoongoza ni harufu ya mayai viza. Mtu akiisikia tu anakimbilia kununua mkaa wa kuchujia, anachuja mara mbili mara tatu, pombe inapoteza utamu wote na harufu bado ipo. Hiyo ni salfa, na inatokana na hamira iliyoteseka. Ukichachusha sukari tupu na maji hamira inashiba sukari lakini naitrojeni haipati, inadhoofika, inaanza kutoa salfa, na joto la ndoo likipanda ndo mbaya zaidi. Dawa yake ni kuipa hamira chakula chake (vile virutubisho vinauzwa duka lilelile la hamira) na kuacha ndoo itulie sehemu yenye ubaridi kidogo. Halafu shaba jamani. Mitambo yetu mingi ni ya stenlesi, inang'aa vizuri ila salfa haiishiki, shaba ndo inaishika, na wapika wiski wa Scotland mpaka leo wanatumia shaba. Weka wavu wa shaba kwenye njia ya mvuke, ukiona umekuwa mweusi ujue umefanya kazi, usafishe kwa maji ya limau urudishe.

Harufu ya dawa ya kutolea rangi ya kucha mnaijua wote. Ikitoka mwanzoni ni kawaida, ndo sehemu ya kwanza hiyo, itenge. Ikiendelea mpaka katikati basi ama ulipika kwa haraka na moto mkubwa, ama hewa iliingia kwenye ndoo na bakteria wa siki wakakaa humo siku nyingi. Pika polepole, na kusanya kwenye vichupa vidogovidogo vyenye namba, kesho yake ndo unusu kimoja kimoja na kuamua kipi kinaingia. Ukikusanya yote kwenye galoni moja hamna cha kuamua tena. Harufu ya boksi lililoloa ni ya mwishoni, hapo ulichelewa tu kuacha, itunze uichanganye na mpiko ujao.

Harufu ya kuungua ndo inaniuma, hasa kwa wapenzi wa ndizi na feijoa (yale matunda ya kijani ya huku), manake nyama ya tunda inakaa chini inagandia kwenye koili ya kupashia moto, na ile harufu hata urudie kupika haitoki. Chuja kwa kitambaa, acha itulie, kisha chuja tena. Na ukisikia plastiki kagua mpira unaopitisha pombe, pombe kali inalamba plastiki, hiyo pombe usionje, mwaga.

Sasa nisikilizeni vizuri hapa. Methanoli, ile pombe yenye sumu, HUWEZI kuitambua kwa kunusa. Inanukia karibu sawa na pombe ya kawaida, na kuwasha kiberiti uangalie rangi ya moto sio kipimo. Kumwaga ya mwanzo ni lazima lakini msidhani methanoli yote imeondoka nayo, kwenye matunda inatokana na pektini (ile inayogandisha jemu) na inasambaa mpaka mwisho wa mpiko, ila kwa kiasi kidogo. Waliokufa Kabale Uganda 2010 na wale wa Kenya 2014, makumi kwa makumi ya watu, waliuliwa na methanoli iliyokuwemo kwenye pombe, na kwa kawaida vifo vingi namna hiyo vinatokana na methanoli ya viwandani watu wanayoongezea, sio ya kwenye tunda. Kwahiyo mtu akikuletea spiriti ya bei rahisi ya kuongezea nguvu, hata inukie vizuri vipi, kataa.

Kamati imekubali hela ya mwaka huu inunue wavu wa shaba wa kugawana na haidromita (kipimo cha nguvu ya pombe) ya kuazimana. Feijoa zinaanza kuanguka Machi, kabla ya hapo tutakutana kunusa vichupa pamoja. Kila mtu aje na vyake vyenye namba, hata vile vinavyonuka, hivyo ndo navihitaji zaidi.