Ofisi ya chama cha wanafunzi inafunguliwa saa ngapi?

Mhariri,

Kila vyuo vikifunguliwa, gati yetu hapa Lamu hujaa mabegi, ndoo na magodoro yaliyofungwa kamba. Mama humwambia mwanawe asisahau sala, baba humwambia asijitie katika siasa za chuo. Mimi ni mwalimu mstaafu, na hilo la pili nimewahusia vijana wengi. Sisi wa rika langu tulikuwa na sababu. Mwaka 1987 SONU, chama cha wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Nairobi, kilipigwa marufuku na mwenyekiti wake, Wafula Buke, akafungwa. Kabla yake Tito Adungosi, aliyekuwa mwenyekiti wakati wa jaribio la mapinduzi la 1982, alifungwa akafia gerezani mwaka 1988. Mtu aliyeyasikia hayo akiwa kijana hamwambii mtoto wake agombee uongozi.

Leo nimegeuza maneno yangu, ila sidhani viongozi wa wanafunzi watafurahi wakijua kwa nini.

Mpwa wangu alikuwa mwaka wa nne katika chuo kimoja cha bara. Orodha ya mahafali ilipotoka, jina lake halimo. Somo moja la mwaka wa pili halikuwa na alama. Si kwamba alianguka, mahali pa alama palikuwa na kistari tu. Mtihani aliufanya, na kadi ya mtihani anayo mpaka leo. Mhadhiri wa somo hilo alikuwa wa muda na alishaondoka, na tulisikia chini kwa chini kwamba alikuwa akidai malipo yake. Simlaumu mtu kudai jasho lake, na wahadhiri wa muda wanaovidai vyuo nchini si mmoja wala wawili. Lakini karatasi ya mtoto wa watu si kitu cha kuweka rehani.

Babake ni mvuvi wa Kizingitini, hana wa kumwachia mashua, kwa hivyo safari ikawa yangu. Boti hadi Mokowe, basi kutwa kupitia Witu na Garsen, nikalala Mombasa, asubuhi basi jingine. Nilipofika, idara ilitutuma kwa mkuu wa kitivo, mkuu wa kitivo akatutuma kwa msajili, kwa msajili tukaambiwa turudi idarani. Siku ya pili mpwa wangu akaniambia, "Mjomba, hapa kila mlango ni ndoo kesho." Kiamu chake, cha kusema "ndoo" kwa "njoo", kilikuwa bado hakijamtoka, alhamdulillahi.

Tukaenda ofisi ya chama cha wanafunzi. Ada ya chama hukatwa pamoja na karo, iko kwenye risiti, nimeiona kwa macho yangu. Mlango ulikuwa na kufuli, na juu ya kufuli imebandikwa picha ya mgombea anatabasamu, kona moja imebanduka. Kando yake mtu ameandika nambari ya simu ukutani kwa kalamu. Tukapiga. Baada ya saa mbili akaja kijana mwenye adabu zake, sina la kumsema. Akatusikiliza, akasema atalifikisha suala letu, akapiga picha na sisi. Nikamuuliza: kanuni za chuo zinasema matokeo yatolewe ndani ya siku ngapi? Akacheka kwa haya. Hakuwa anajua. Alikuwa na wiki sita madarakani.

Aliyetuokoa ni karani mmoja mama wa makamo, ambaye hata hakuwa na wajibu nasi. Alituona tumekaa ukumbini siku ya tatu, akainama akasema, "Mzee, hapa maneno hayasaidii. Andikeni barua, mtoe nakala, kila ofisi mnayoingia wagonge muhuri na tarehe." Tukaiandika kwenye kibanda cha fotokopi nje ya lango. Tarehe ya mtihani, chumba cha mtihani, nambari ya usajili, nakala ya kadi. Nilimwachia mpwa wangu barua ile ina mihuri mitatu, mmoja umegongwa kwa wino hafifu hata tarehe husomi vizuri. Mwezi wa pili yake bahasha ikapatikana kabatini, karatasi zimesahihishwa zamani. Mahafali yalikuwa yamepita. Akangoja ya mwaka uliofuata, na kazi aliyoahidiwa Malindi ikapata mtu mwingine.

Sasa, Mhariri, kazi aliyoifanya yule karani kwa dakika tano ndiyo kazi ya chama cha wanafunzi. Maandamano yana siku yake. Lakini mwanafunzi mmoja mmoja hupotea kwa mambo madogo: alama, kuahirisha masomo kwa ugonjwa, barua ya nidhamu iliyoandikwa kwa lugha ya kutisha, hosteli. Hapo hahitaji mwenye sauti kubwa. Anahitaji mtu anayejua kanuni ya ngapi inasema nini, na amewahi kuona kesi kama yake.

Mtu huyo hawezi kuwa kiongozi aliyechaguliwa. Tangu Sheria ya Vyuo Vikuu irekebishwe mwaka 2016, wanafunzi huchagua wajumbe, nao wajumbe ndio huchagua baraza. Baraza hukaa mwaka mmoja, na mtu anaweza kurudi mara moja tu. Kelele nyingi zimepigwa kuhusu kura ya moja kwa moja kuondolewa, na wanaozipiga wana haki. Mimi kinachonikera ni ule mwaka mmoja. Kijana anaapishwa, anaanza kuzijua ofisi, mitihani inaingia, anatoka. Alama za mpwa wangu zilipotea akiwa mwaka wa pili, zikatafutwa mwaka wa nne. Mabaraza mawili yalikuwa yamepita hapo, na faili halikuwa kwa yeyote.

Jirani yangu ana kijana aliyesoma Uingereza, na aliponieleza ya huko nilidhani anatia chumvi. Chama cha wanafunzi kina ofisi ya ushauri yenye watu wa kuajiriwa, wanaolipwa na chama, si na idara za chuo. Unaingia bure, siri yako inabaki hapo. Wanaisoma rufaa yako kabla hujaipeleka na kukwambia palipo na udhaifu. Ukiitwa mbele ya kamati wanaweza kukaa nawe. Chuo kikishatoa uamuzi wake wa mwisho na bado hujaridhika, Uingereza na Wales kuna ofisi ya mwamuzi huru wa malalamiko ya wanafunzi, iliyowekewa sheria mwaka 2004, na una miezi 12 ya kuifikia.

Nasi hatuko uchi kisheria. Kifungu cha 47 cha Katiba kinampa kila mtu haki ya uamuzi wa kiutawala ulio wa haraka na wa haki, na kupewa sababu kwa maandishi anapoathiriwa. Sheria ya 2015 iliyofuata inamruhusu anayeitwa kujitetea afike na mtaalamu aliyemchagua mwenyewe, na awahoji wanaomshuhudilia. Ipo pia Ofisi ya Ombudsman, inayopokea malalamiko dhidi ya taasisi za umma, vyuo vya serikali vikiwemo. Mwulize mwanafunzi wa mwaka wa kwanza kama amewahi kuambiwa hata moja katika haya siku ya kukaribishwa. Ataambiwa maktaba iko wapi.

Na kuna hili la ufadhili, ambalo kwetu visiwani lina uchungu wake. Mfumo ulioanza 2023 uliwapanga wanafunzi katika makundi, yaitwayo bendi, kwa uwezo wa wazazi. Kwa bendi tano za 2024, familia ya bendi ya kwanza ilitakiwa kutoa asilimia 5 ya karo, ya bendi ya tano asilimia 40. Rufaa iliruhusiwa. Lakini mvuvi ukimuuliza mapato yake ya mwezi atakujibu nini? Mvuvi hana mwezi, ana kaskazi na kusi. Kaskazi anauza, kusi ikivuma mashua iko juu mchangani na nyumbani mnakula deni la duka. Maelezo hayo yanahitaji mtu wa kuyaweka katika barua inayoeleweka na afisa wa Nairobi asiyewahi kuona mashua imepandishwa. Mtoto wa miaka 18 hawezi peke yake.

Nitaambiwa pesa hazipo. Ada inakatwa kila mwanafunzi, na maelfu yao. Mshahara wa karani mmoja, kabati lenye kufuli, na saa za kazi zilizoandikwa mlangoni havizidi bei ya fulana za kampeni na zile ziara za mafunzo za viongozi ambazo, kwa bahati, huishia ufuoni. Tunawaona wakishuka boti hapa, karibuni sana.

Mdogo wake mpwa wangu anaanza chuo mwaka huu. Nimemnunulia faili la plastiki la kuwekea kila karatasi yenye muhuri. Nimemwambia pia kwamba akifika, kabla hajatandika godoro, anipigie simu aniambie ofisi ya chama iko wapi na inafunguliwa saa ngapi.

Mwalimu mstaafu,
Langoni, Lamu