Shule Iliyolelewa na Vinu vya Unga

Manchester, Uingereza

Kwa Mjomba mpendwa,

Shikamoo. Sisi huku tu wazima, tunamshukuru Mungu. Katika barua yako ulieleza kwamba bodi ya shule inafikiria kununua mashine ya kusaga ili mapato yake yawapunguzie wazazi mzigo, nami nimeona nikuandikie habari za Manchester Grammar School, sekondari ya wavulana ya mji huu, ambayo iliishi kwa mradi wa namna hiyo kwa muda mrefu sana.

Ilianzishwa mwaka 1515 na Hugh Oldham, mwenyeji wa Lancashire, jimbo ambalo Manchester ilikuwamo wakati huo, aliyekuwa askofu wa Exeter, mbali kusini. Hati yake inasema kwamba vijana wa Lancashire walikuwa na akili nyepesi, ila umaskini wa wazazi uliwanyima elimu. Badala ya kuacha fedha taslimu tu, ambazo zingekwisha, aliipatia shule vinu vya nafaka vilivyoendeshwa kwa maji ya mto Irk, ili ujira wa kusaga ulipe mishahara ya walimu. Kanuni za mwaka 1525 zilikataza kumkataa mtoto yeyote wa kiume, atoke jimbo lolote, isipokuwa mwenye maradhi ya kuambukiza. Tena zikamzuia mwalimu kupokea hata vijisenti ambavyo kwa desturi wanafunzi walitozwa kwa ajili ya mapigano ya majogoo. Niliposoma hayo niliikumbuka michango yetu, ambayo hufutwa kwa tangazo ikarudi kwa jina jipya.

Hata hivyo, elimu hiyo ya bure ilikuwa na mlipaji wake. Wakazi wa Manchester walilazimika kusaga nafaka kwenye vinu vya shule na si kwingineko, na kadiri mji ulivyopanuka manung'uniko yalizidi, hata katikati ya karne ya 18 Bunge likawaondolea sharti hilo, likaiachia shule kimea peke yake, yaani shayiri ya kutengenezea bia. Kilatini walichofundishwa wavulana kikawa kinagharimiwa na wanywaji! Kwa maoni yangu, Mjomba, bodi inunue mashine, lakini kila mwanakijiji abaki huru kusaga anakotaka.

Utashangaa kusikia kwamba nembo ya shule ni bundi, aliyetoka katika ngao ya askofu mwenyewe. Huko kwetu sidhani kama mzazi angekubali kumshonea mwanawe sare yenye ndege huyo.

Katika karne ya 19, Manchester ikiwa imetajirika kwa viwanda vya pamba, shule ilianza kupokea pia wanafunzi wa kulipa ada, na mwaka 1931 ikahama katikati ya mji kwenda kitongoji cha Rusholme. Baada ya Vita Kuu ya Pili ya Dunia serikali iliipa ruzuku moja kwa moja, na halmashauri zikawalipia wavulana wengi waliofaulu mtihani wa kujiunga. Eric James, mkuu wa shule kuanzia 1945 hadi 1962, alishikilia kwamba kipaji ndicho kimfungulie mtoto mlango, wala si mfuko wa baba yake. Wapinzani wa mfumo huo walijibu kwamba kuwachuja watoto wa miaka 11 ni kuwahukumu mapema mno wale wanaoachwa, na mimi naona hoja yao ilikuwa nzito.

Serikali ya chama cha Labour ilipoanza kuondoa ruzuku hiyo mwaka 1976, shule za aina hii zilitakiwa ama zijiunge na mfumo wa kupokea watoto wote bila mchujo, ama zijitegemee. Manchester Grammar School ilichagua kujitegemea, na ada ikawa ndiyo njia ya kawaida ya kuingia. Mpango mwingine wa serikali wa kuwasaidia wenye kipato kidogo ulianza mwaka 1980, ukaamuliwa kufutwa mwaka 1997. Tangu hapo shule imekuwa ikichangisha mfuko wake wa ufadhili, hasa kwa wanafunzi wake wa zamani, ili mvulana aliyefaulu asikwame kwa ada.

Nisalimie Bibi na wadogo zangu wote.

Ni mimi mpwa wako.