Barua kwa mwanangu kabla hajanunua gari la haibridi

Mwanangu mpenzi,

Nimeisoma barua yako mara mbili, na nimefurahi kwamba umeniuliza kabla ya kulipa. Unasema umepata gari la haibridi lililokwishatumika miaka kumi, kwamba kazi yako mpya iko mbali na petroli inakumalizia mshahara, na kwamba muuzaji amekuhakikishia kuwa gari hilo hutumia nusu tu ya mafuta ya gari ulilonalo sasa. Mimi siupingi ununuzi huo. Nimeendesha gari la aina hiyo kwa miaka minane, na ningelinunua tena. Lakini hiyo "nusu" inanitia wasiwasi, kwa sababu muuzaji aliitamka bila kukuuliza unapita barabara gani.

Haibridi ya kawaida, yaani gari lenye injini ya petroli na mota ya umeme, isiyochomekwa kwenye umeme wa nyumbani, haina chanzo kingine cha nguvu zaidi ya petroli unayoijaza wewe mwenyewe. Inachofanya ni kupunguza upotevu. Katika gari la injini pekee, kila unapokanyaga breki, mwendo ulioulipia kwa mafuta hugeuka kuwa joto kwenye pedi na kuishia hewani. Katika haibridi, mota ya umeme hugeuka kuwa jenereta wakati wa kupunguza mwendo, ikairudisha sehemu ya nguvu hiyo kwenye betri, na nguvu hiyohiyo ndiyo inayokusukuma unapoondoka tena. Ukisimama kwenye foleni, injini huzimika, nawe hulipii muda wa kusubiri. Kwa hiyo anayevuna zaidi ni yule anayesimama na kuondoka mara nyingi. Katika barabara kuu, ukienda kwa mwendo mmoja bila kugusa breki, hakuna cha kuvuna. Injini hufanya karibu kazi yote, na faida inayobaki inatokana zaidi na injini yenyewe, ambayo katika magari mengi ya haibridi imeundwa kwa kubana matumizi.

Naomba basi uchukue karatasi tufanye hesabu pamoja, na tuifanye kwa lita, kwa sababu bei ya mafuta hupanda na kushuka lakini lita haibadiliki. Umeniambia kuwa kwenda na kurudi kazini ni kilomita 60. Kwa siku 250 za kazi katika mwaka, hizo ni kilomita 15,000. Ikiwa njia yote ni ya foleni, na gari lako la sasa linatumia lita 9 kwa kila kilomita 100, unachoma lita 1,350 kwa mwaka. Haibridi inayotumia lita 5 ingechoma lita 750, na ungeokoa lita 600. Ikiwa sehemu kubwa ya njia ni barabara kuu, huenda gari lako linatumia lita 7 na haibridi ingetumia lita 5 na nusu, nawe ungeokoa lita 225 tu. Dereva ni yuleyule na gari ni lilelile, lakini akiba imeshuka hadi chini ya nusu. Wala usitumie namba hizi zangu za kukadiria. Jaza tangi mpaka juu, andika kilomita, endesha wiki mbili, jaza tena, kisha gawanya lita ulizojaza kwa kilomita ulizotembea na uzidishe kwa 100. Hapo utajua gari lako la sasa linatumia kiasi gani hasa katika njia yako.

Sasa nije kwenye betri, na hapa nisikilize kwa makini, kwa maana ndipo nilipoumia mimi.

Gari langu nililinunua kwa haraka. Lilikuwa safi, dashibodi haikuwa na taa yoyote ya tahadhari, na aliyeniuzia aliniambia kuwa betri ni nzima. Baada ya majuma matatu taa iliwaka. Fundi alipounganisha mashine ya kusomea hitilafu alikuta kwamba kumbukumbu ya hitilafu za gari ilifutwa siku chache kabla sijalipa, na alipofungua kiti cha nyuma alikuta feni ya betri imejaa vumbi na nywele za mnyama. Betri kubwa, katika magari mengi ya aina hii, hukaa nyuma na hupozwa kwa hewa inayovutwa kutoka ndani ya gari kupitia tundu lililo kando ya kiti. Tundu hilo likiziba, betri huchemka, na joto ndilo linaloizeesha betri upesi. Miaka mingi ya kupikwa kimyakimya ilikuwa imekwisha kuiharibu kabla haijafika kwangu.

Nilishauriwa nibadilishe kipande kimoja kilichokufa, nami nikakubali kwa sababu kilikuwa rahisi. Kuelewa kwa nini haikusaidia, fikiria betri ya Prius, haibridi ya Toyota, ya kizazi cha pili, iliyotoka mwaka 2003: ina moduli 28, yaani vipande kama kile nilichobadilisha, zilizounganishwa kwa mfuatano, kila moja ikiwa na volti 7.2, na umeme uleule hupita katika zote. Ukiweka moduli moja yenye nguvu katikati ya zile zilizochoka, hazijai wala haziishiwi umeme kwa pamoja, na iliyo dhaifu kuliko zote ndiyo inayofuata kufa. Kwangu ilichukua miezi mitano. Mwishowe nilinunua betri nzima, na tangu hapo gari halijanisumbua.

Kwa sababu hiyo, usilipe kabla fundi anayeyajua magari haya hajaunganisha mashine yake. Aangalie volti za mafungu ya moduli gari likiwa linaendeshwa, hasa wakati wa kupanda mlima na wakati wa kufunga breki, maana likiwa limesimama hata betri mbovu huonekana nzima. Fungu moja likishuka sana kuliko mengine, tatizo liko hapo. Mashine nyingi huonyesha pia kilomita ambazo gari limetembea tangu kumbukumbu ya hitilafu ilipofutwa. Ukiona kilomita 40 katika gari la miaka kumi, muulize muuzaji alikuwa anaficha nini. Fika asubuhi injini ikiwa baridi kabisa, na umwambie mapema asiliwashe kabla yako. Likitetemeka kwa nguvu linapowaka, au maji ya kupoza injini yamepungua, huenda gasketi ya silinda hedi, ile inayoziba kati ya sehemu ya juu ya injini na bloku yake, inavuja, na hilo ni gharama nyingine kubwa isiyohusiana na betri. Nyaya nene za rangi ya chungwa usiziguse wewe wala rafiki yako, kwa kuwa zinabeba umeme unaoweza kuua.

Mambo mengine ni mepesi. Pedi za breki hudumu muda mrefu, na gari likikataa kuwaka kabisa, mara nyingi ni ile betri ndogo ya volti 12, ambayo si ghali.

Ulizia pia bei ya betri kubwa iliyo mpya pamoja na kazi ya kuifunga, uigawe kwa bei ya lita moja ya petroli. Tuseme unapata lita 1,200. Kwa akiba ya lita 600 kwa mwaka, betri hiyo imejilipa kwa miaka miwili. Kwa akiba ya lita 225, ni zaidi ya miaka mitano, na mimi nisingekushauri ulinunue ila muuzaji akipunguza bei ya gari kwa kiasi cha gharama ya betri hiyo.

Nitumie kwanza namba za matumizi yako, kisha zile za betri fundi akishazisoma. Nitakuwa nazisubiri, na tutazipitia pamoja kwa simu usiku huohuo.

Ni mimi mama yako, nikupendaye