Baba, Huku Nako Kuna Watani wa Jadi

Boston, Massachusetts
Jumapili, 31 Oktoba 2004

Baba yangu mpenzi,

Assalaam aleikum. Shikamoo. Mama naye mfikishie shikamoo yake, na mwambie kile kikohozi kimeisha, asiendelee kunitumia maagizo ya mkaratusi. Sisi wazima. Leo wamerudisha saa nyuma karibu nchi nzima, ndiyo desturi yao ikikaribia baridi, basi magharibi ya leo itaingia saa kumi na nusu na ushei. Jana tulifuturu saa kumi na moja na nusu na ushei, leo tumepunjiwa saa nzima bila kuomba. Na baridi nayo imeanza kunusa mifupa.

Ama baada ya salamu, najua utauliza kwa nini nimekaa kimya tangu mwezi ulipoandama. Sikuwa mgonjwa wala sikufukuzwa kazi. Nilikuwa naangalia mpira. Usicheke kwanza. Si mpira wetu, ni huu wao wa gongo, besiboli, ambao kwa miaka minne nilikuwa nikiuona kwenye televisheni za wazee ninaowahudumia na kuuona kama watu wanaosubiri basi. Mmoja anarusha, mmoja ana gongo, wengine wamesimama wanatema mate. Anayeupiga anakimbia kituo cha kwanza, cha pili, cha tatu, akirudi nyumbani salama ni bao. Wenyewe hawasemi bao, ila nitasema mimi ili tuelewane. Watatu wakitolewa, timu zinabadilishana. Kila timu ina zamu tisa, na zikimalizika wakiwa sawa wanaendelea tu, hata kukuche. Saa haimo kabisa katika mchezo huu. Refa hana cha kutazama mkononi.

Timu ya hapa inaitwa Red Sox, yaani Soksi Nyekundu. Watani wao ni Yankees wa New York. Nikikwambia watani, fikiria Coastal Union na African Sports hapo Tanga, wewe na Mjomba mnavyoacha kusalimiana siku tatu kabla ya mechi. Mwishoni mwa 1919 wenye timu ya Boston walimuuza Babe Ruth, mchezaji wao mkubwa, kwa hao hao Yankees. Hebu fikiri, Baba: Coastal wamuuze mfungaji wao ng'ambo ya barabara, kisha African Sports wachukue ubingwa mara 26, na Coastal wasiuone tena hata kwa dawa. Ndivyo ilivyokuwa. Red Sox walikuwa mabingwa 1918, basi, pakafunga. Watu wazima na akili zao wanaiita laana. Mwaka jana tu walifika mechi ya mwisho ya nusu fainali na watani hao hao, wakawa wanaongoza, wakafungwa usiku wa manane na mtu anaitwa Aaron Boone. Jina lile humu kazini halitamkwi mezani.

Sasa, nina mzee mmoja ninayemhudumia, ana miaka 91. Huyu ndiye mtu pekee katika jengo letu lote aliyekuwa hai Red Sox walipochukua ubingwa ule wa 1918, na alikuwa mtoto wa miaka mitano, hakumbuki kitu. Anakumbuka kufungwa tu. Anakuhesabia vifungo vyote kwa miaka, kama unavyohesabu wewe dhoruba za kusi. Nikimwambia "Mzee, mwaka huu labda," ananyanyua kidole: usinifurahishe.

Nusu fainali ni mechi saba, wa kwanza kushinda nne anapita. Mbili za mwanzo zilikuwa New York na zote tukafungwa. (Umeona nimesema "tukafungwa". Sijui nilianza lini.) Ya tatu ilikuwa ichezwe hapa siku ya Ijumaa, siku ya kwanza ya mfungo, mvua ikaizuia. Ikachezwa Jumamosi. Baba, tulifungwa 19 kwa 8. Katika mpira wa gongo hayo ni matusi. Mzee alinambia nizime televisheni, akaomba maji, akageukia ukutani. Nilivyomfunika blanketi nilikuona wewe kabisa, ile siku uliporudi kutoka uwanjani Mkwakwani ukapitiliza chumbani na viatu.

Tatu bila. Katika historia yote ya mchezo wao, hakuna timu iliyowahi kuwa nyuma mechi tatu bila kwenye mashindano ya namna hii ikapona.

Jumapili niliunganisha shifti mbili, nikawa pale mpaka asubuhi. Zamu ya tisa, ya mwisho, tuko nyuma 4 kwa 3, na anayewarushia Yankees ni mfungaji mlango wao, yaani mrushaji anayeletwa mwishoni kulinda ushindi, Mariano Rivera. Huyu ungempenda. Mtu wa Panama, mtoto wa nahodha wa mashua ya uvuvi, na mwenyewe alivua na baba yake kabla ya kuchukuliwa. Hana makeke. Karibu kila mara anarusha mpira wa aina moja tu, kila mtu anaujua, na hakuna anayeuweza. Mzee alikuwa macho, amejifanya amelala.

Rivera akampa mpigaji wetu, Millar, kituo cha kwanza cha bure kwa kurusha mipira minne mibaya. Kocha akamtoa Millar, ambaye hana mbio, akamweka Dave Roberts. Kazi ya Roberts ni moja: kuiba. Katika mchezo huu unaruhusiwa kukimbilia kituo kinachofuata wakati mrushaji anarusha, na ukifika kabla ya mpira umekiiba kihalali. Nikajiuliza kama kushangilia wizi mwezi wa Ramadhani kuna makosa, nikaona nitauliza baada ya mechi. Kila mtu uwanjani alijua Roberts ataiba. Rivera alijua. Akamrushia mara tatu pale kituo cha kwanza kumtisha arudi, na mara tatu akajitupa chini akarudi. Kisha Rivera akarusha kuelekea kwa mpigaji, na Roberts akachomoka. Mdakaji wao akautupa mpira kituo cha pili, mzuri, umenyooka, na mkono wa Roberts ukatangulia kwa upana wa kidole.

Nilipiga kelele, Baba. Nesi mkuu alikuja mbio akidhani mtu ameanguka. Mpigaji aliyefuata, Mueller, akaupiga mpira katikati ya uwanja, Roberts akaingia nyumbani, nne kwa nne. Ikaendelea mpaka zamu ya kumi na mbili, saa saba na dakika 22 usiku, ndipo David Ortiz, mtu wa Jamhuri ya Dominika mwenye mwili kama wa wapagazi wa bandarini, alipoupeleka nje ya uzio. Wanaita homurani. Nikaenda kula daku kwenye chumba cha vyombo, wali wa jana na chai, mikono inatetemeka.

Mzee alichosema ni hiki tu: sasa watatufunga vizuri.

Jumatatu mechi ilianza saa kumi na moja jioni, jua bado lipo. Nilikuwa na tende tatu mfukoni na saa ya ukutani iko nyuma yangu. Mzee kitanda chake kinaelekea dirishani. Katikati ya zamu fulani, wala sikumbuki nani alikuwa na gongo, akanigusa: "Kula, jua limezama." Macho yake hayaoni gazeti lakini aliliona lile. Nikamkaribisha tende moja, akaila, akatema kokwa kwenye kiganja changu kama mtoto. Tangu siku hiyo hakuniacha nifuturu peke yangu, na mechi ile ikaenda zamu 14, ikachukua muda wa saa tano na dakika 49, na Ortiz yule yule akaimaliza. Nilitoka kazini watu wananisalimia barabarani. Miaka minne, Baba, nimepita barabara ile na watu wanaangalia viatu vyao. Usiku ule dereva wa basi aliniuliza mimi, kwa lafudhi yangu hii ya Sahare, kama naona Schilling ataweza kurusha kesho.

Schilling ndiye mrushaji wetu aliyeumia kifundo cha mguu kabla ya nusu fainali kuanza, mshipa umetoka mahali pake. Madaktari walimshona ngozi ili kuuzuia mshipa usitembee, akaenda kurusha New York na nyuzi mwilini, soksi yake nyeupe ikiloa damu mbele ya kamera. Akashinda, 4 kwa 2. Mechi hiyo ilikuwa na vituko vyote: nyota wao Alex Rodriguez alimpiga mrushaji wetu kibao cha mkono ili mpira uanguke, waamuzi wakakaa kikao, wakamtoa. Mashabiki wa New York wakatupa vitu uwanjani, askari wa kutuliza ghasia wakaingia kukaa pembeni. Nikasema kumbe hata kwao yapo.

Kuna moja lazima nikwambie. Mrushaji wetu mwingine, Pedro Martínez, mwezi wa tisa alifungwa na Yankees akasema mbele ya waandishi kwamba hana tena la kufanya ila awaite Yankees baba yake. Basi alipotokea New York, uwanja mzima ukawa unamwimbia: nani baba yako? Maelfu ya watu wazima. Mimi nikawaza, kwetu mtu angeshaoa kwao kabisa amalize utani.

Mechi ya saba, Jumatano. Ortiz akapiga homurani zamu ya kwanza, mabao mawili. Ya pili, Johnny Damon akapiga nyingine vituo vyote vitatu vimejaa, manne kwa mpigo, sita bila, na uwanja wa New York ukanyamaza kama msiba. Shifti yangu iliisha saa tano, nikabaki. Nikavuta kiti. Tunaongoza 10 kwa 3, mchezo unakaribia kwisha, nageuka nimwambie Mzee, naona kinywa wazi, amelala fofofo. Miaka 86 ya kungoja, amelala! Nikamtikisa kidogo. Hakuamka. Nikaogopa kumtikisa zaidi, mtu wa umri ule, na nikaogopa pia kitu kingine, nikaweka sikio karibu nikasikia anakoroma. Usiku wa manane ukaingia, mpira wa mwisho ukadakwa, nikashangilia kwa kunong'ona.

Nje mji ulikuwa umepinduka. Si yote yalikuwa mazuri: karibu na uwanja wao wa Fenway polisi walifyatua risasi za pilipili, mwanafunzi wa kike wa miaka 21 akapigwa nayo jichoni akafa. Alikuwa amekwenda kushangilia tu. Siku mbili hapa watu waliongea taratibu.

Asubuhi nilimpigia Mzee simu kabla hajanywa chai. Swali lake la kwanza: "Tumefungwa ngapi?" Nilipomwambia, akanyamaza, kisha akasema nisimtanie, yeye si mtoto. Hakuniamini mpaka binti yake alipomletea gazeti na kumsomea mara mbili.

Fainali yenyewe na St. Louis sina maneno nayo, tuliwafunga mechi nne bila, kama mazoezi. Ila usiku wa mechi ya mwisho, Jumatano iliyopita, mwezi ulipatwa. Mwekundu, juu ya mji, huku watu wanakimbilia mitaani. Nilikuwa nimeshatoka kazini. Nilisali zile rakaa mbili chumbani, dirisha wazi, nje wanapuliza honi na kupiga masufuria, nikamkumbuka Bibi alivyokuwa akitutoa nje tupige makopo mwezi uachiliwe. Kwenu ilikuwa alfajiri. Je, mliuona? Uliuona kutoka baharini au ulikuwa umelala?

Jana walifanya maandamano ya ushindi. Wachezaji wamepandishwa kwenye yale magari yanayotembea nchi kavu na majini, mpaka wakaingia nayo mtoni. Mji mzima ulikwenda. Mimi sikwenda. Mzee alikuwa na kaka yake, ndiye aliyemfundisha mchezo huu, na amezikwa nje kidogo ya mji. Wiki hii watu wengi wamekuwa wakipeleka makaburini kofia na bendera za timu na kurasa za magazeti, utadhani siku ya kuzuru wafu. Binti yake alitupeleka kwa gari, nikasukuma kiti cha magurudumu kwenye majani yaliyoloa, magurudumu yanazama. Mzee akatoa gazeti lile la tarehe 21 chini ya blanketi, akanipa. Macho hayawezi. Akataka nisome mimi, kwa sauti, na nisiruke kitu.

Nikasoma. Nimefunga, koo limekauka, Kiingereza changu unakijua. Nikasoma zamu moja moja, nani alipiga, nani alitoka. Nilipofika kwa Damon akaniambia rudia. Nilipomaliza kwenye 10 kwa 3, binti yake anaangalia pembeni, yeye akaligonga jiwe lile kwa kidole mara mbili, kama unavyogonga mlango wa mtu unayejua yumo, akasema twende, baridi.

Baba, mwaka 1988 Coastal walipochukua ubingwa ulinibeba mabegani, nikalia nataka kwenda kulala. Hujanisamehe mpaka leo, Mama ameshanambia. Basi nakuomba radhi sasa.

Pesa ya sikukuu nimeituma, namba nitampa Dada kwa simu. Ya kanzu yako iko mbali na ya Mama, usizichanganye. Mjomba mpe salamu, ila usimsomee sehemu ya African Sports kuchukua ubingwa mara 26, atakuja kuidai.

Nijibu upesi, na unieleze Coastal wanaendeleaje.

Mwanao