Barua ya wazi kwa binamu yangu: kanopi nayo inataka kupumua

Binamu,

Umejitoa kwenye kundi la familia, simu hupokei, na Shangazi amechoka kubebeshwa salamu zisizojibiwa. Naandika hapa kwa sababu najua huku unapita, hata ukijifanya husomi.

Picha ya pikapu imenifikia. Kanopi, lile paa la kufunika bodi ya nyuma, unaigeuza chumba cha kulala safarini: imekatwa kiunoni, imenyanyuliwa, skwea paipu, zile bomba za chuma za mraba, zinachungulia. Hongera sana. Huyo fundi wako wa Nkuhungu ana mkono. Kona zake nimezivuta kwenye simu nikazikagua moja moja, hazina doa. Ila picha hiyo hiyo imenionyesha na mengine, na wewe unanijua, kunyamaza siwezi.

Kwanza kimo. Anayelala humo lazima aweze kuketi bila kuinamisha shingo, na hilo linataka sentimita 90 hadi 95 kutoka juu ya godoro hadi dari. Masanduku ya chini yawe na kimo cha 30, kwa sababu hapo kitanda kinapita juu ya yale matuta ya magurudumu na unapata upana wote wa bodi, karibu mita moja na nusu. Kitanda kikikaa chini kuliko matuta unabaki na mita 1.1 tu katikati. Sasa jumlisha: 30 za sanduku, 10 za godoro, 92 za mtu, 3 za dari, unapata 135. Kuta za bodi zinakupa kama 47, kanopi ya kawaida iliyolingana na kabini kama 50. Kilichobaki, sentimita 38, ndicho cha kunyanyua. Wewe naona umekwenda zaidi ya nusu mita. Kila kinachozidi hapo unakilipia kwa mafuta, na gari litayumba upepo wa kiangazi ukilipiga ubavuni. Fundi hawezi kukuambia, yeye analipwa kwa kuongeza.

Godoro chukua la 4 kwa 6. Bodi la pikapu ya kabini moja lina kama mita 2.3, futi sita zinaingia na nafasi ya kuweka viatu inabaki. Usinunue zito la nchi nane eti kwa sababu uko Dodoma na magodoro yenyewe yana jina la mji. Nchi nne za sponji ngumu zinatosha, na chini yake weka chaga ili hewa ipite.

Uzito sitaurefusha. Skwea paipu ya milimita 25 kwa 25, unene 1.5, ina kama kilo 1.1 kwa mita. Mita 20 ni kilo 22, hazitishi. Kinachoua springi ni mabati. Paa pamoja na kuta ulizoongeza ni kama mita za mraba 7. Kwa bati la chuma la milimita 1 hizo ni kilo 55. Kwa alumini ya 1.5 ni 28. Tena uzito wenyewe uko juu kabisa, mahali ambapo kona huuhisi mara mbili. Ukiweka alumini juu ya chuma, paka praima na utenganishe kwa ukanda wa mpira, la sivyo vinakulana vikikutana na unyevu. Maji, betri na vifaa vizito viweke chini, vikae mbele ya ekseli ya nyuma. Na kanopi usiiunge na kabini hata kwa flati ba moja, kile chuma bapa. Chesisi ikipita kwenye korongo, kabini hupinda upande wake na bodi upande wake; acha sentimita 4 hadi 5 katikati, uzibe kwa mpira laini. Walioziunganisha wanajua ribeti zinavyokatika kuanzia kona za mbele.

Sasa hewa. Hapa ndipo tulipogombania.

Gari likiwa linakwenda, nyuma yake hewa inapungua msukumo. Vumbi lote la barabara ya changarawe linanyonywa kuingia kupitia mlango wa bodi, kwenye bawaba, kwenye ile mianya ya pembeni unayoweza kupitisha kidole. Watu huongeza mpira juu ya mpira, na bado wakifika wanakuta shuka limegeuka kahawia. Mpira unahitajika, ndiyo, hasa ukingo wa chini wa mlango wa bodi ambao kiwandani hawakuuziba kwa sababu walikuwa wanatengeneza gari la kubebea mahindi. Ila dawa yenyewe ni kuingiza hewa safi kwa mbele. Weka tundu paani, upande wa kabini, lenye kifuniko kinachofunguka kuelekea mbele na chujio la sponji ndani. Ukiwa safarini liache wazi. Hewa inaingia juu, ambako vumbi ni haba, inajaza chumba, halafu inatokea kwenye ile mianya iliyokuwa inanyonya. Nilikwambia toboa hilo tundu kabla ya kupaka rangi. Ukasema paa halitobolewi, litavuja. Litavuja ukitumia silikoni ya bafuni, maana hiyo inabanduka chuma kikitetemeka, na rangi haiikubali. Tumia gundi ya poliyurethani, ile inayobaki kama mpira.

Gari likisimama, kazi inageuka. Watu wawili waliolala humo wanatoa maji kwa pumzi zao, na alfajiri ya Juni au Julai chuma cha paa kimepoa. Mvuke unageuka matone kwenye skwea paipu na kudondokea usoni. Kila paipu ifunikwe kwa foma, lile povu la kuzuia baridi, hata ya milimita 10. Paa lenyewe lipake rangi nyeupe, weka foma ya milimita 20 halafu plaiwudi ya 4. Kisha matundu mawili yabaki wazi usiku kucha: lile la paani, na jingine chini karibu na mlango, kila moja sentimita 10 kwa 15, yenye wavu wa mbu. La chini liwe na kifuniko, ulifunge ukiwa barabarani.

Sasa ule usiku wa Kolo, kule Kondoa. Najua unataka nisiutaje. Kilikuwa kibaridi kweli kile, milima ya Kondoa si Kizota ya Dodoma mjini. Lakini jiko la mkaa, binamu, ndani ya kanopi iliyofungwa kioo na mlango, na wanao wawili wamelala. Ukasema mkaa umeshaiva, hauna moshi. Mkaa usio na moshi ndio unaodanganya watu: moshi umekwisha, kaboni monoksaidi haijaisha. Haina harufu, haina rangi, inashika damu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni. Chumba hicho hakifiki mita za ujazo tano. Mtu huanza na kichwa kuuma, tumbo linamchafuka, usingizi unamzidi, na anayezidiwa na usingizi hafungui mlango. Kuacha kioo wazi vidole viwili hakusaidii kitu.

Nilimwaga maji. Ndiyo, mbele ya shemeji, mbele ya wageni wako, na majivu yakaruka kwenye blanketi jipya. Ulitaka nikuite pembeni, nikubembeleze kwa heshima, wakati mtoto mdogo alishaamka analia kichwa? Sisi ni watani. Miaka yote hiyo umenitania mbele za watu nami nacheka. Usiku ule tu ndipo ukakumbuka una hadhi. Ukaniuliza, "Kwani wewe nani kwenye familia hii?" Maji niliyomwaga yalikauka asubuhi. Hilo swali bado naulizwa nalo, maana shemeji zako wananitazama kama mtu anayesubiri kujibu.

Basi jibu ni hili: mimi ndiye ninayekwambia joto la usiku ni blanketi mbili na chupa ya maji moto miguuni. Moto wowote, wa mkaa, wa mafuta ya taa, wa gesi, ubaki nje. Nunua na kengele ya betri ya kaboni monoksaidi, uifunge kwenye kimo cha kichwa cha aliyelala. Nilishawahi kukutumia pesa ya kuinunua. Naona uliongezea taa za urembo.

Mtungi wa gesi kwenye picha umeuweka chini ya kitanda. Utoe. Gesi ya kupikia ni nzito kuliko hewa, ikivuja inashuka na kutulia sakafuni, inasubiri cheche ya friji. Mtungi wa kilo 6 ujengee kisanduku chake nyuma, kilichozibwa kabisa upande wa chumbani, chenye tundu la sentimita 3 hadi 5 chini linalotokea nje, mbali na ekzosi, lisilozibwa kamwe. Mtungi usimame wima na ufungwe mkanda. Kupika ni pale kwenye mlango wa bodi ulioshushwa, ukiwa umesimama nje.

Umeme. Ule waya mwekundu ni wa soketi za nyumbani, wa milimita za mraba 2.5. Kutoka betri ya mbele hadi nyuma ni mita 6 kwenda na 6 kurudi. Ukipitisha ampea 20 unapoteza volti 1.7 njiani. Altaneta inatoa 14.2, betri ya nyuma inaonja 12.5, basi itachelewa kujaa kila siku mpaka ife. Weka kebo ya 16, ya nyuzi nyingi nyembamba, upotevu unashuka hadi robo ya volti. Fyuzi iwe ndani ya sentimita 20 kutoka kila betri, zote mbili, maana kebo ikichunika katikati zote mbili zitaimwagia moto. Friji ya lita 40 kwa joto letu inakula kama ampea-saa 45 kwa siku, na betri ya asidi ya 100 usiishushe chini ya nusu. Hesabu hiyo inakuruhusu siku moja. Paneli ya wati 150 inairudisha, kwa jua la Dodoma, ukiacha sentimita 3 chini yake ipoe. Welda akirudi kuongeza chochote, toa waya hasi wa betri kwanza.

Kabla mvua za Desemba hazijafika, mtu mmoja aingie ndani na tochi, mwingine amwagie bomba kwa robo saa, aanzie chini akipanda juu, ili ujue ni kiungo kipi hasa kinachovuja. Mimi niko tayari kuwa huyo wa ndani. Na drili yangu bado iko kwako, pamoja na biti ya 10. Tundu la paani litoboe kwa hiyo hiyo, ukianza na kona nne, halafu ukate kwa jigiso.