Mto Ngong hupimwa saa za ofisi

Mhariri,

Ile habari yenu kuhusu mto Ngong, yenye picha ya vijana wa glavu nyeupe wakichota maji darajani, imenifungua mdomo baada ya miaka mingi ya kunyamaza. Mmeandika kwamba mto unafuatiliwa. Unafuatiliwa saa ngapi?

Naishi Mukuru, mtaa ulio kando ya mto huu, tangu 1991. Mwezi uliopita alikuja kijana mmoja saa nne asubuhi, mvua imenyesha usiku kucha. Akateremsha ndoo kwa kamba, akajaza chupa moja, akaifukia kwenye barafu, akapiga picha, akafunga daftari. Nikamwambia, kijana wangu, haya ni maji ya mvua, rudi Ijumaa saa tisa usiku uone yanavyoshuka na povu, leo samawati, kesho rangi ya damu ya mzee, mpaka macho yanawasha ukiwa kitandani. Akajibu kwa adabu, "Mzee, sisi ni saa za ofisi." Nikamwomba basi ageuze jiwe moja tu, maana wadudu hawaendi nyumbani saa kumi na moja jioni, wao wamekunywa kila kilichopita. Jiwe akaligeuza kwa ncha ya kiatu. Vijidudu vyekundu vyembamba kama uzi, vile vinavyostahimili maji yaliyokwisha oksijeni, na kingine hakuna. Hakuviandika. Fomu yake haikuwa na nafasi ya wadudu.

Na chupa moja ya darajani itamshtaki nani? Maji haya huanza Dagoretti yakiitwa Motoine, yanapita Kibera, yanalala chini ya magugu kwenye Bwawa la Nairobi lililojengwa 1953, ndipo yanaingia kwenye viwanda, ndipo yanatufikia. Samaki wengi hutaabika oksijeni ikipungua chini ya miligramu 5 kwa lita. Pimeni oksijeni hiyo kabla ya viwanda, mpime na baada ya viwanda, halafu mtoe muone tofauti. Hiyo ni hesabu ya darasa la tatu. Sisi wa Mukuru tunachafua pia, sikatai, vyoo vyetu vinaelekea wapi kila mtu anajua, lakini hakuna choo kinachotoa samawati.

Tena tusiambiwe vifaa hakuna. Baada ya mafuriko ya 2024, serikali ilipobomoa nyumba za kando ya mito, kanda ya kupimia ilipatikana mara moja! Mita 30 kutoka ukingoni, zikahesabiwa bila kukosea hata inchi, na nyumba ya mpwa wangu ikalala chini akiwa kazini, sufuria ya maharagwe ikiwa bado jikoni. Ng'ambo ya pili kuna ukuta wa mawe umesimama mtoni kabisa, bomba limetokeza kama ulimi. Kanda ilipofika pale sijui iliishiwa na urefu.

Basi nawakaribisha wapimaji Ijumaa hii, saa tisa usiku. Tochi ninayo, chai ya tangawizi nitapika. Waje na chupa mbili, na majibu wayabandike kwenye ukuta wa poshomili, kwa Kiswahili, kabla hayajapotelea kwenye faili la mtu. Mbwa nitamfunga.

Mzee wa ukingoni,
Mukuru, Nairobi