Umeme mdogo jioni, tusikimbilie kulaumu transfoma

Mhariri, salamu kutoka Uyole. Huku kwetu saa moja jioni taa zikianza kufifia kila mtu ana jibu tayari, transfoma mbovu, na mwenyekiti wa mtaa anatumwa akadai mpya. Mi nasuka mota na transfoma ndogo ndogo hapa mjini, naomba niseme kidogo.

Transfoma ya kwenye vitabu haipotezi kitu, kinachoingia ndicho kinachotoka. Ya kweli inapoteza, ila kidogo sana, na inapimika. Unaipa upande mdogo (wa volti ndogo, unaokwenda majumbani) volti zake kamili huku upande mkubwa (wa volti kubwa) umeuacha wazi bila mzigo, watimita, yaani mita ya kupima wati, inakuonyesha kinacholiwa na chuma cha ndani, na hicho kinaliwa saa 24 hata mtaa mzima ukiwa umelala. Halafu unaunganisha nyaya za upande mdogo zenyewe kwa zenyewe, upande mkubwa unapandisha volti taratibu mpaka ampia zifike kiwango, hapo unasoma kinacholiwa na shaba. Hiki ndo cha kuogopa, mzigo ukiwa mara mbili chenyewe kinakuwa mara nne. Na volti ulizotumia hapo kwa hizi za mitaani huwa ni kama 4% ya volti zake, imegongwa kabisa kwenye kibati chake, nenda kasome (kwa macho tu, usipande!).

Hiyo 4% ndiyo volti nyingi zaidi transfoma inaweza kula ndani yake ikibeba mzigo kamili. Sasa piga hesabu. 4% ya 230 ni volti 9 hivi. Transfoma nzima yenye mzigo kamili inatakiwa itoe 220 na kitu, we kwako mita inasoma 170, zingine zimeishia wapi kama sio kwenye waya mwembamba uliovutwa nguzo kwa nguzo mpaka bondeni, katikati kuna mashine ya kusaga, na nyumba mpya zote zimepachikwa fezi moja (waya mmoja kati ya mitatu yenye umeme)?

Sisemi transfoma haifi, inazidiwa, na huku tupo kama mita 1,700 juu, hewa ni nyepesi haipoozi vizuri, viwango vya kimataifa vinahesabu mpaka mita 1,000 tu, ukizidi hapo joto inaloruhusiwa linapunguzwa.

Shida mafundi wanakuja saa nne asubuhi, watu wako shambani, wanapima wanakuta 230 safi, wanasaini wanaondoka. Waje jioni, wapime fezi zote tatu pale kwenye transfoma na kwenye nyumba ya mwisho saa ile ile, na namba watusomee hapo hapo tukiwepo.

Fundi mota, Uyole, Mbeya